Pua ya Fundi na Nyuzi Nilizobadilisha

Kamusi ya shule yetu ya bweni ina maneno matano kwa jambo moja: aibu, haya, soni, fedheha, izara. Nilipokuwa kidato cha pili nilidhani walioiandika walikuwa wanajaza kurasa. Leo nawaomba radhi hadharani. Jumanne ile niliyahitaji yote matano, na hayakunitosha.

Kwa msomaji aliyechelewa kuketi, nieleze kwa ufupi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niliyerudishwa nyumbani wiki sita kwa kosa la kuongoza mazishi ya viatu vya mwalimu wa nidhamu. Kulikuwa na jeneza la boksi, waombolezaji arobaini na wasifu wa marehemu. Baba hakucheka. Alinipeleka kwa Mjomba, kaka yake mama, mwenye karakana ya sili za mpira za viwandani: zile pete nyeusi zinazozuia pampu na mabomba yasivuje. Huko, Baba alisema, sitapata mtu wa kumchezea.

Nilimpata siku ya kwanza. Aliitwa Fundi Pua.

Lazima mjue kwamba pete hizo zote ni nyeusi na zote ni duara. Ukizimwaga mezani hujui ipi ni ipi. Lakini upo mpira unaostahimili mafuta, ambao ukiutia kwenye kostiki ya moto, yale maji makali ya kupikia sabuni, unakauka na kupasuka. Upo unaostahimili kostiki na mvuke, ambao ukiutia kwenye mafuta unavimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Na upo wa joto kali na asidi, ulio ghali kuliko yote, ambao wateja wenye haraka huuomba kwa sababu ya bei yake, na ambao kostiki huutafuna bila kuona haya.

Kwa hiyo kila boksi likifunguliwa, kila pete hufungwa uzi papo hapo. Mweupe ni wa mafuta. Kijani ni wa kostiki na mvuke. Mwekundu ni wa joto na asidi. Mafundi wa kiwandani hufuata uzi huo, na kuukata wakati wa kufunga pete kwenye mashine.

Lakini kabla pete haijatoka mlangoni kwetu, lazima ipite kwa Fundi Pua. Mzee huyo alikuwa akiishika kwa vidole viwili, anafumba macho, anavuta pumzi, kisha anatamka kama hakimu: mafuta, mvuke, asidi. Miaka thelathini amekuwa akifanya hivyo. Wateja wapya waliletwa kumtazama.

Mteja akimuuliza mpira upi ni mzuri, alikasirika. Alisema hakuna mpira mzuri, aambiwe kwanza unakwenda kuishi na nani. Halafu anauliza maswali manne: utaguswa na nini, joto kiasi gani, utabanwa kwa nguvu gani, na mashine inaoshwa kwa dawa gani. Hilo la nne ndilo lililowaumbua wengi. Mtu anachagua mpira wa kukaa na maziwa mchana kutwa, anasahau kwamba jioni pampu inaoshwa kwa dawa kali, na mpira uliopenda maziwa unafia kwenye kuoga.

Mimi alinibatiza jina la Profesa. Siku moja nilipojaribu kunusa pete kama yeye, aliwaambia wafanyakazi wote kwamba pua yangu ni kigingi cha kutundikia miwani. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Nikaapa kulipiza. Wiki iliyopita, katika sehemu ya kwanza ya kisa hiki, niliwasimulia nilivyolipiza: pete sita za uzi mweupe na sita za uzi wa kijani zilikuwa kwenye trei zikisubiri kwenda kiwanda cha sabuni. Nilifungua nyuzi zote kumi na mbili na kuzibadilisha. Nia yangu ilikuwa kumpa azinuse wakati wa chai, mbele ya watu, tuone nani ana kigingi.

Kabla ya chai Mjomba akanituma upande wa pili wa mji kupeleka sili ya jiko la mkate. Niliporudi, trei ilikuwa tupu. Nikamkimbilia Fundi na kumuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na jambo, kama alizinusa pete za sabuni.

"Moja moja," alisema. "Kwani lini sijanusa?"

Nikajua nimeshindwa. Amezinusa, nilijiambia, amegundua, amerudisha nyuzi mahali pake, na sasa anasubiri siku yake ya kuniumbua mimi. Nilisubiri kuumbuliwa siku tisa. Siku ya kumi, Jumanne asubuhi, aliingia Injinia wa kiwanda cha sabuni na mfuko wa plastiki mkononi. Hapo ndipo nilipowaacha.

Injinia hakuketi. Alimimina mfuko juu ya meza ya Mjomba, zikadondoka pete mbili. Moja ilikuwa ngumu kama mfupa, imepasuka mahali patatu. Nyingine ilikuwa laini, imevimba, imepita kipimo chake kama mtu wa kidato cha sita aliyevalishwa sare ya kidato cha kwanza.

Siku nyingine ningecheka.

"Hii ilikuwa kwenye pampu ya kostiki," Injinia alisema, akisukuma ile ngumu. "Na hii kwenye pampu ya mafuta. Wewe ndiye mwenye karakana. Niambie unaona nini."

Mjomba alizitazama muda mrefu. Alisema anaona pete mbili, kila moja imelala nyumba ya mwenzake.

Injinia akaeleza. Pampu ya mafuta ilikwama tu, haikudhuru mtu. Ya kostiki ndiyo iliyoachia, saa moja asubuhi, mama wa zamu akiwa amesimama kando yake anasoma geji. Kostiki ya moto ilimwagikia mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko kushuka hadi kwenye vidole. Wenzake walimshikilia chini ya bomba la maji nusu saa nzima, na ndiyo sababu vidole bado anavyo. Yuko hospitali. Pete zote kumi na mbili zimeng'olewa na mitambo imesimama.

Mimi nilikuwa kwenye kona, nimeshika kibunda cha uzi wa kijani.

Injinia alisema hakuja kugombana. Wakubwa wake wanataka barua kesho saa nne asubuhi. Barua itaje nani alikosea, na ithibitishe kwamba mtu huyo hatagusa tena mpira wowote unaoingia kiwandani kwao. Bila jina, watatafuta karakana nyingine.

Nikafungua kinywa. Naapa nilikifungua.

Lakini Fundi Pua alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Andika jina langu," alisema. "Zote zilipita puani kwangu."

Mjomba akakataa. Alisema miaka thelathini si siku thelathini, na kwamba mtu huyu ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika kisu cha kukatia mpira. Fundi alijibu kwamba hata pua huzeeka, akarudi kwenye meza yake ya kazi, akawasha redio, kisha akaizima.

Kinywa changu kilikuwa bado wazi. Mjomba aliniambia nikifunge, nichukue machungwa jikoni, tunakwenda hospitali.

Mtauliza kwa nini sikusema pale pale. Nilijiambia nitasema njiani. Njiani nikajiambia nitasema tukifika. Mimi niliyetoa wasifu wa jozi ya viatu mbele ya shule nzima bila karatasi, sikuweza kumtamkia Mjomba maneno matatu ndani ya gari lenye watu wawili.

Tulimkuta mama wa zamu ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji nene mpaka umekuwa kama mguu. Nilimwamkia. Aliitikia kwa furaha, kama sisi ndio wagonjwa na yeye amekuja kututazama.

"Umeniletea machungwa," alimwambia Mjomba. "Nitayamenya kwa miguu?"

Mjomba alicheka kwa aibu. Nikamenya mimi. Alikuwa akiuliza habari za shule, akasema kitinda mimba wake anataka kwenda bweni, na je, ni kweli kwamba bweni humfanya mtoto awe na busara? Mjomba akakohoa. Nami nikasema inategemea mtoto.

Kisha kitambaa chake cha kichwa kikalegea. Alijaribu kukifunga kwa mkono mmoja, kikamshinda, akaniomba nimsaidie. Nikasimama nyuma yake nikifunga fundo, kwa vidole vile vile vilivyofunga mafundo kumi na mawili kwenye pete za sabuni.

"Una mikono mizuri, mwanangu," alisema. "Inafunga taratibu."

Kama kuna adhabu ya bweni inayolingana na hiyo, sijawahi kuipata, na adhabu nimezipata nyingi.

Mjomba alimwambia kuhusu barua. Uso wa mama wa zamu ukabadilika. Alimsihi asimfukuze mzee wa watu. Alisema amesimama kando ya pampu zile miaka kumi na moja, na akija kijana mpya kazini akaogopa, yeye humwambia asiogope, pete zile zimenuswa. Ndiyo maana, alisema, hata zile glavu ndefu walizopewa aliziacha kwenye kabati. Zilikuwa zinamtoa jasho bure.

Mjomba alitoka kuzungumza na daktari. Tukabaki wawili.

"Mama," nikasema.

"Naam, mwanangu."

Alinitazama, akangoja. Alikuwa na chembe ya chungwa kidevuni na mkono aliouzoea kuifutia ulikuwa ndani ya bandeji.

"Nikumenyee jingine?"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sina la kuongeza.

Tuliporudi karakana ilikuwa alasiri. Fundi Pua alikuwa stoo peke yake, anapangusa visu vyake kimoja kimoja na kuviviringisha kwenye kitambaa. Mtu hapangusi visu namna hiyo kama atavitumia kesho. Nikapiga moyo konde, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mzee, ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha nyuzi. Sita kwa sita."

Hakuacha kupangusa. Aliuliza ni lini. Nikamwambia: asubuhi ile ile, kabla hazijatoka. Nikamwambia ulikuwa mzaha, kwamba nilitaka kumuumbua wakati wa chai, kwamba nilitumwa na nikachelewa.

"Na ukanyamaza siku tisa."

"Nilikuuliza kama umezinusa. Ulisema moja moja."

Hapo ndipo kisu kilipowekwa chini.

Nilisubiri kofi. Bweni limenifundisha kusubiri kofi: unalegeza shingo na kubana meno. Kofi halikuja. Mzee aligeuka, akachukua kutoka kwenye rafu debe la petroli tunayooshea vipuri, akafungua kifuniko. Harufu ikanifikia mlangoni na macho yakaanza kunitoka machozi. Yeye aliinamisha uso mpaka pua ikagusa ukingo wa debe, akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, akatoa. Hakupepesa hata kope.

"Ungeniambia ni maji ningekubali," alisema.

Nilidhani ananichezea. Kisha nikaona midomo yake haicheki.

Alinisimulia akiwa anakitazama kile kitambaa cha visu. Miaka miwili iliyopita alishikwa na homa iliyomlaza wiki tatu. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua. Chakula cha mkewe kilikuwa kama karatasi, sabuni ya kuogea kama jiwe. Alisubiri irudi mwezi mmoja, kisha mwaka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Akawa anasifia mchuzi usio na ladha kila siku, kwa bidii, mpaka mkewe akaanza kushuku ana mwanamke mwingine.

"Kwa nini hukumwambia Mjomba?"

"Watu wote huniita Pua," alisema. "Wewe ungeanza vipi?"

Kwa hiyo kwa miaka miwili alikuwa akisoma nyuzi. Alifumba macho, lakini si yote. Aliuona uzi kwenye upenyo wa kope, akavuta pumzi, akatamka. Na kwa kuwa maboksi yalikuja sahihi, na nyuzi zilifungwa sahihi, pua ikawa sahihi. Mpaka alipotokea mtu wa kwanza katika karakana ile aliyewahi kuchezea nyuzi. Mtu huyo alikuwa na miwani.

Sijui kwa nini nikauliza lile swali lililofuata. Pengine kwa sababu maswali yake manne yalikuwa yameniingia kichwani, na hili lilikuwa la tano.

"Na zile zinazopotea uzi? Zinazookotwa sakafuni?"

Mzee alitazama bati la biskuti lililokuwa chini ya meza, tulilozoea kutupia pete zisizojulikana ili yeye azinuse na kuzirudisha mahali pake.

"Nyingi nilizitupa kwa siri."

"Na nyingine?"

Alilisukuma bati ndani zaidi kwa mguu.

"Nyingine nilikisia."

Nikaketi juu ya boksi. Nilimuuliza zilikwenda wapi. Baadhi anakumbuka, alisema: mbili kwenye boila ya kiwanda cha nguo, moja mahali fulani penye asidi ya betri. Nyingine hakumbuki. Alikuwa ameshaamua. Akiondoka hapa kesho atazipitia moja moja, kimya kimya, aombe kuzikagua kama fundi mstaafu, na kuzibadilisha.

Kisha akaniomba. Mtu mzima, mwenye umri wa kumzaa mama yangu, alinishika mkono na kuniomba.

"Ukisema kesho kwamba ni wewe, watakusamehe, wewe ni mtoto. Halafu mtu mmoja mwenye akili atauliza pua yangu ilikuwa wapi siku hiyo. Niache niondoke kama fundi aliyekosea siku moja. Hiyo naweza kuibeba. Lakini nisiondoke kama mzee aliyewanusia watu hewa miaka miwili."

Niliahidi. Nimeahidi mambo mengi maishani, hasa mbele ya walimu, na yote niliyaahidi nikiwa nimepinda kidole nyuma ya mgongo. Hili niliahidi kwa moyo mweupe. Katika yote niliyofanya wiki ile, sijui kama halikuwa baya zaidi.

Jumatano saa nne kasoro, barua ilikuwa mezani. Mjomba alikuwa ameipiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili. Injinia aliketi safari hii. Fundi Pua alisimama karibu na mlango na visu vyake kwapani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mtu angedhani anakwenda kuposa.

Mjomba alianza kusoma kwa sauti, kwa kuwa hakutaka kutia saini jambo ambalo mhusika hajalisikia. Alisoma tarehe. Alisoma salamu. Alifika kwenye maneno "kwa uzembe wa fundi wetu", sauti ikamkatika, akarudia, ikamkatika pale pale kwenye neno uzembe. Akachukua kalamu.

"Mjomba, usitie saini," nikasema. "Ni mimi."

Nikasema yote kwa sentensi nne: nyuzi, mzaha, chai, jiko la mkate. Ya pua sikusema. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku kucha nikaona naweza kuivunja ahadi nusu tu, nichukue fungu langu la aibu na kumwachia mzee lake likiwa limefungwa vizuri. Huo ndio ujanja wangu. Nimejaliwa ujanja, sikujaliwa kingine.

Mjomba hakupaza sauti. Aliniambia nitoke mbele ya macho yake, halafu akaniambia nikae pale pale kwenye kona nisisogee hata unyayo. Alisema atampigia mama yangu, na kwamba ataanza kwa kumwambia habari za mkono wa yule mama wa zamu. Kisha akaichana barua. Alimgeukia Fundi, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyerudishiwa ndugu.

"Mzee wangu," alisema. "Nisamehe. Hata jana moyo ulikataa."

Fundi alikuwa akinitazama mimi, na kwenye macho yake hapakuwa na hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Ngoja kwanza," Injinia alisema.

Alikuwa mtu mpole, huyu Injinia, na ndiyo sababu sote tulimsikiliza. Alisema amemsikia binti, na adhabu ya binti ni ya nyumbani kwao. Lakini kuna jambo halijamwingia akilini.

"Nyuzi hata wenzenu wanazo. Sisi tulikuja hapa kwa sababu ya pua. Nyuzi zilidanganya, sawa. Pua ilikuwa wapi?"

Wafanyakazi walikuwa wameacha kazi na kusogea.

Mjomba, kwa mapenzi tu, ndiye aliyefanya lile ambalo adui asingefanya. Alisema siku ile huenda mzee alikuwa na mafua, jambo la kawaida kwa binadamu, na kwamba atamthibitishia Injinia sasa hivi, bila uzi. Akaenda kwenye droo, akawapa watu mgongo, akatoa pete mbili, akazikata nyuzi, akarudi amefumba ngumi.

Aliwapa mgongo wote isipokuwa mimi. Kutoka kwenye kona niliyoamriwa kukaa, niliona. Ya mkono wa kulia imetoka droo ya mafuta.

Akafumbua ngumi ya kulia kwanza. Fundi Pua aliishika pete kwa vidole viwili. Akafumba macho kama zamani. Akavuta pumzi. Wafanyakazi nao wakavuta, bila kujijua.

Kisha kope ya jicho moja ikafunguka kidogo. Haikutazama pete. Hapakuwa na uzi wa kutazama. Ilinitazama mimi.

Sijivunii niliyofanya. Kwenye mitihani ya bweni tuna lugha yetu isiyohitaji mdomo. Nilishusha kiganja na kukipangusa kwenye sketi, polepole, mara mbili, kama mtu aliyeshika kitu cha mafuta.

"Mafuta," Fundi alisema.

Mjomba alipiga meza kwa kiganja. Wafanyakazi wakacheka kwa nafuu, mmoja akasema pua ni ile ile. Nami moyoni niliuona ule mkono wenye bandeji, nikaiona boila ya kiwanda cha nguo, na mtu nisiyemjua amesimama kando yake bila glavu, kwa sababu pete zimenuswa.

Injinia peke yake hakucheka. Alinitazama, akaitazama sketi yangu, akanitazama tena. Na yeye, nadhani, alisoma bweni.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa ya pili nitaichagua mimi mwenyewe. Na binti ageukie ukuta."

"Ageukie ukuta kwa nini?" Mjomba aliuliza.

"Ageukie tu, kaka. Ni jambo dogo."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na rangi ya bluu iliyobanduka, na kalenda ya mwaka jana. Nyuma yangu nilisikia droo ikifunguliwa, mkasi ukikata uzi, na hatua za Injinia. Nikasubiri kusikia pumzi ile ndefu ikivutwa.

Haikuvutwa.

Nilichosikia ni pete ya mpira ikiwekwa juu ya meza, taratibu, na kile kitambaa cha visu kikiwekwa kando yake.

"Profesa," Fundi Pua alisema. "Geuka, uwatazame watu. Hili nataka ulisikie ukiwa unawatazama."